Matairi mepesi ya baiskeli ya mtoto: minya ubavu kabla hujatoa hela

Stoo kwangu yananing'inia matairi mawili ninayoyasonya kila nikipita. Niliyanunua kwa ajili ya baiskeli ya milimani ya binti yangu, ya inchi 20, baada ya muuzaji kuniapia kwamba ni mepesi kama karatasi. Nilipofika nyumbani nikayapima kwenye mzani wa jikoni: moja gramu 610, la pili gramu 625. Yale ya zamani, tuliyokuwa tunayakimbia, yalikuwa na gramu 640 kila moja. Uzito wote niliookoa, gramu 45, haufiki hata yai moja la kuku.

Uzito ningeusamehe. Kilichonichosha ni ubavu. Ule ukuta wa pembeni wa tairi ulikuwa mgumu kama soli ya buti, na mtoto akipita kwenye mizizi gurudumu linamrusha kama punda mkaidi.

Watu hubishana kuhusu kashata, yale meno ya tairi, eti ziwe ndefu au fupi, na rangi nayo ina mashabiki wake. Sitaingia huko. Saizi isome kwenye tairi lako la zamani: inchi 20 ya milimani huwa imeandikwa 406, inchi 24 huwa 507. Ukishaiona namba hiyo, turudi kwenye ubavu.

Mtu mzima wa kilo 80 akikalia tairi gumu, litabonyea tu litake lisitake. Mtoto wa kilo 22 hana uzito wa kulibonyeza. Anabaki ameelea juu ya kokoto, tairi linagusa ardhi kwa kipande kidogo mno, na akikamata breki anateleza. Mzazi anapunguza upepo, lakini ubavu mgumu unasimama wenyewe hata upepo ukiwa kidogo. Yale niliyomnunulia yalikuwa yameandikwa upepo usishuke chini ya PSI 40, hicho kipimo cha upepo. Mimi mwenyewe baiskeli yangu ya porini naiendesha na 25!

Kwa hiyo dukani fanya hivi: shika tairi likiwa tupu, minya mbavu zake mbili kwa kidole gumba na cha shahada. Zikikutana bila ubishi, endelea kuuliza bei. Zikigoma, lirudishe lilikotoka. Dalili nyingine ni TPI, idadi ya nyuzi kwa kila inchi ya tairi. Ikiwa 60 au zaidi, nyuzi ni nyembamba na tairi lina ulaini; 30 na chini yake ni gunia. Tairi linalouzwa limekunjwa, lenye nyuzi nyepesi za Kevlar mdomoni, ule ukingo unaokaa kwenye rimu, badala ya waya, mara nyingi ndilo jepesi.

Namba moja kwangu, na sifichi mapenzi yangu, ni Schwalbe Rocket Ron. Lipo la inchi 20 na la inchi 24, linakunjwa, uzito wake unazunguka gramu 400, na ubavu wake unaminyika kama chapati ya moto. Siku nilipolifunga, binti aliuliza kama nimembadilishia baiskeli. Mbavu zake ni nyembamba, kwa hiyo mawe makali yatazichana, sikatai. Nitaziba.

La pili ni Vee Crown Gem, ambalo baiskeli nyingi nzuri za watoto hutoka nalo kiwandani. Ni nene, linashika vizuri kwenye udongo laini, ila limezidi Rocket Ron uzito. Kama baiskeli ya mwanao tayari inalo, usilitoe. Hamishia pesa kwenye tyubu.

La tatu ni Kenda Small Block Eight, lenye meno madogo yaliyosongamana. Kwenye njia kavu iliyoshindiliwa linateleza mbele bila kelele. Kwenye tope linageuka kipara.

Ya bei rahisi yenye waya yatamfikisha mtoto shuleni.

Sasa tyubu, mahali ambapo watu wazima wanaibiwa wakitazama. Gramu iliyo pembeni ya gurudumu inamgharimu mtoto karibu mara mbili ya gramu iliyo kwenye fremu kila anapoanza kukanyaga, kwa sababu lazima aisukume mbele na pia aizungushe. Halafu tunamfungia tyubu nene ambayo boksi lake halina hata tarakimu ya uzito! Beba mzani mdogo, usione haya. Tyubu za plastiki ya TPU, kama Tubolito, hupunguza uzito wa mpira wa kawaida zaidi ya nusu. Ila zina masharti: usizijaze zikiwa nje ya tairi maana zitatanuka zisirudi, na gundi ya pancha ya kawaida haizishiki, zina viraka vyake. Kama breki zinabana rimu na mnashuka miteremko mirefu, soma kwanza kama tyubu hiyo inavumilia joto. Ukiona masharti ni mengi, chukua tyubu nyembamba ya mpira, ile iliyoandikwa "light".

Angalia na tundu la rimu. Valvu nene kama ya gari inataka milimita 8.5, ile nyembamba 6.5. Nyembamba utaipachika kwenye tundu kubwa ukiweka kipete; nene kwenye tundu dogo haipiti, na usimruhusu fundi achukue drili.

Bei nayo inaniuma. Tairi la mtoto lina mpira mchache, nyuzi chache, boksi dogo, lakini tairi zuri la inchi 20 huuzwa karibu sawa na la baba yake. Nilipouliza kwa nini, nikaambiwa wateja ni wachache. Tungekuwaje wengi, wakati rafu nzima imejaa soli za buti? Yale mawili niliyarudisha dukani kesho yake, nikaambiwa hayapokelewi kwa kuwa yameshafungwa kwenye rimu. Nikamwomba muuzaji basi ayaminye mbele yangu. Akaminya kwa mikono miwili, hayakukutana, akaniambia yatalainika yakizeeka.