Pembe za Ng'ombe Ndani ya Age of Empires II: Kihariri Hiki Nimekikubali

Wadau, habari za siku! Karibuni tena. Salamu ndefu leo hakuna, tazameni skrini kwanza. Hawa wa katikati wanatembea. Hawa wa kulia na wa kushoto wanakimbia, mnawaona? Ngoja... ngoja kidogo... hapo! Wamekutana nyuma ya adui. Hana pa kutokea. Narudisha muone tena, maana mimi nimeitazama mara hamsini na bado inanisisimua.

Hiyo ni impondo zankomo, pembe za ng'ombe, mbinu ya jeshi la Wazulu. Nimeijenga mwenyewe ndani ya Age of Empires II: Definitive Edition. Gemu yenyewe, ile ya kujenga taifa na kuongoza majeshi, siichambui, mnaijua, ipo tangu 1999 na toleo hili ni la 2019. Ninachokichambua ni kihariri chake cha ramani, kile kinachokaa kimya kwenye menyu na wengi hamjawahi kukifungua. Kifungueni leo.

Niwaeleze kwanza nilikotoka. Toleo la kwanza la modi yangu, yaani mabadiliko ninayoyaongeza mwenyewe kwenye gemu, lilikuwa rahisi: nimechukua askari wa miguu, nimemwongezea uhai, nimemwongezea makali ya mkuki, nimempa jina la Kizulu. Nikacheza mechi tatu, nikafuta yote. Lilikuwa jeshi lolote lile lenye jina jipya. Nguvu ya Wazulu haikuwa kwamba mtu mmoja ana uhai mwingi kuliko mwenzake. Mfalme wao Shaka alitawala kuanzia 1816 hadi alipouawa na ndugu zake 1828, na katika miaka hiyo 12 alichokijenga ni mpangilio. Vijana wa rika moja wanaingizwa ibutho moja, yaani kikosi kimoja, wanakaa pamoja kwenye kambi ya mfalme, hawaoi mpaka mfalme aruhusu. Wanafahamiana kama wametoka tumbo moja. Halafu mkononi wana iklwa, mkuki mfupi wa kuchoma kwa karibu, pamoja na ngao kubwa. Sasa ukiniambia hayo yote ni "ongeza pointi 4 za mashambulizi", nakataa.

Kwa hiyo swali langu likawa hili: gemu inaweza kubeba mpangilio?

Twende kwenye kihariri. Ramani nimechora ya Isandlwana, pale Wazulu walipopigana na Waingereza tarehe 22 Januari 1879. Kilima hiki hapa, kambi ya Waingereza chini yake, Wazulu wanatokea upande huu. Siku ile jeshi la Wazulu lilikuwa na watu kama 20,000, na upande wa Waingereza walikufa zaidi ya 1,300, wakiwemo Waafrika waliopigana upande huo. Mimi nina nafasi ya askari 500, ndio kikomo cha gemu, basi nimegawa kwa uwiano.

Sasa angalieni kwa makini, maana hapa ndipo nilipokwama siku nyingi. Gemu ina mipangilio minne ya safu: mstari, boksi, kutawanyika, na ule wa kugawanyika pande mbili. Huu wa mwisho ulinifurahisha sana mwanzoni. Nachagua askari 40, nabonyeza, wanagawanyika 20 kulia na 20 kushoto. Nikasema pembe hizo, kazi imekwisha! Lakini tazameni katikati. Patupu. Pembe zipo, kichwa hakipo. Wazulu katikati walikuwa na isifuba, na wewe Mswahili huhitaji kutafsiriwa hilo, ni kifua. Bila kifua, adui anapita katikati na kwenda zake.

Jambo la pili, na hili ndilo kubwa. Ukichagua askari wa kasi tofauti ukawapa safu moja, wote wanatembea kwa kasi ya yule mzito kuliko wote. Sikilizeni hesabu. Askari wangu wa kifua wana kasi ya 0.9, sawa na mgambo wa kawaida wa gemu. Wa pembe nimewapa 1.2, sawa na Shotel, askari wa mbio wa taifa la Waethiopia humo kwenye gemu. Kasi hiyo ni vigae, yaani miraba ya ramani, kwa sekunde. Nikiwachagua wote pamoja, hawa vijana wangu wanakokota miguu kwa 0.9. Pembe zimekufa. Na kwenye historia pembe walikuwa ndio vijana, wale wenye mbio. Isandlwana pembe ya kushoto ilikuwa na uVe na iNgobamakhosi, vijana watupu.

Suluhisho ni triga. Kwa wasiojua, triga ni amri unayoiandika ndani ya kihariri: jambo fulani likitokea, fanya jambo fulani. Huhitaji kujua lugha ya programu, unachagua kwenye orodha tu. Nikaandika: kifua kikiingia kwenye eneo hili, pembe zianze kukimbia. Nikajaribu. Tazameni kinachotokea... kifua kimefika, kinapigwa, kinapigwa, na pembe ndio kwanza zinatoka. Zinafika wakati kifua kimekwisha.

Nikapiga hesabu upya. Kutoka kwenye nyasi wanapoanzia hadi kambini kifua kina vigae 18. Gawanya kwa 0.9, sekunde 20. Pembe zinazunguka, vigae 30. Gawanya kwa 1.2, sekunde 25. Wakiondoka pamoja, kifua kinafika sekunde 5 mapema. Mimi nikataka wafike sawasawa, nikakichelewesha kifua sekunde 5. Ikapendeza kwa macho. Lakini Waingereza wa kompyuta wakawa wanageuka kupiga pembe, kwa sababu mbele yao bado hakuna mtu!

Hapo ndipo akili ilinifunguka. Kazi ya kifua ni kumshika adui. Amwangalie yeye, apambane na yeye, asigeuze shingo. Zile sekunde 5 nilizokuwa napigana nazo ndizo mbinu yenyewe. Nikafuta ucheleweshaji wote, na matokeo ndiyo mliyoyaona mwanzoni mwa video. Wadau, kitabu kinaweza kukwambia "kifua kinamshika adui" ukaitikia tu. Ukishahesabu vigae mwenyewe, unaelewa kwa nini mtu alikubali kukaa kifuani.

Tahadhari moja: eneo la triga limefungwa kwenye ramani. Ukitaka mbinu hii kwenye ramani za kubahatisha, zile ambazo gemu inazichora upya kila mechi, unaiendesha kwa mkono. Kundi la kwanza Ctrl na 1, la pili Ctrl na 2, la tatu Ctrl na 3, unayaamuru moja moja. Inataka vidole vyepesi, lakini inawezekana.

Na hatujamaliza, kuna umuva. Hawa hapa nyuma. Hii ni akiba, inasubiri. Husimuliwa kwamba walikalishwa wakiwa wameupa mgongo uwanja wa vita ili damu isiwachemke. Nimewaweka kwenye hali ya kutoshambulia, wametulia. Lakini soma kilichotokea 1879: akiba haikupata vita ya kutosha Isandlwana, na mfalme Cetshwayo alikuwa amekataza jeshi lisivuke mpaka kuingia Natal, koloni la Waingereza. Ndugu yake Dabulamanzi akawavusha mto hao wa akiba, watu kati ya 3,000 na 4,000, wakaenda Rorke's Drift, kituo cha Waingereza, kupigana na askari kama 150 waliojifungia nyuma ya magunia ya mahindi na makasha ya biskuti. Walipigana mpaka usiku, hawakupapata.

Basi nimeandika triga ya muda. Ukiiacha akiba yako bila kazi dakika 10, wanabadilika kuwa wa mchezaji mwingine. Huwaamrishi tena. Wanavuka mto mbele ya macho yako. Kijana wangu wa kwanza kuijaribu alipiga kelele chumba kizima, akidhani gemu imeharibika. Ndivyo ninavyotaka ujisikie kama jemadari.

Uchumi nitapita haraka. Ng'ombe ndio kila kitu kwa Wazulu, na nilikuwa sitaki mashamba ya ngano. Nimempa mchezaji taifa la Gurjaras, kwa sababu wao wanaweza kuingiza mifugo ndani ya kinu na chakula kikaendelea kuingia bila kuchinja. Kinu nimekipa jina la isibaya, zizi. Askari wa Kihindi nimewazima wote. Sasa bei: Gurjaras hawamo kwenye gemu ya msingi, wamo kwenye nyongeza ya Dynasties of India ya 2022, inayouzwa kando. Ukinunua zote kwa bei kamili mfuko utalia. Subiri punguzo la Steam, lile duka la gemu mtandaoni, huwa linakuja mara kadhaa kwa mwaka. Bando pia ulipange, sasisho za gemu hii ni nzito, mimi napakua usiku.

Najua kwenye maoni mtaniuliza Civilization, ile gemu nyingine ya kujenga mataifa. Civilization V, nyongeza ya Brave New World ya 2013, inamweka Shaka, na Impi, askari wake wa Kizulu, anarusha mkuki kabla ya kugusana. Hilo lilinikera miaka mingi, nikisema iklwa haurushwi! Lakini nilipokuwa nasoma kwa ajili ya modi hii nikaona wapiganaji wa 1879 walibeba na mikuki ya kurusha pia, kwa hiyo lawama yangu naipunguza. Na Civilization VI kwenye Rise and Fall ya 2018 imefanya jambo zuri: vikosi vya Wazulu vinaungana kuwa jeshi kubwa mapema kuliko mataifa mengine. Roho ya amabutho, vile vikosi vya rika, imo. Ila pale kikosi ni alama moja juu ya kigae, hutaiona pembe ikikunja. Kwa hilo mimi nabaki huku.

Habari za chaneli. Video zinahamia Jumamosi jioni. Ukimya wa mwezi uliopita ulitokana na diski ya mtumba niliyonunua kwenye duka moja, ilikufa na kazi ya wiki tatu, na mwenye duka hakupokea simu tena. Hifadhini faili zenu sehemu mbili.

Modi inayofuata inanihusu damu, mimi nimezaliwa Songea. Zwangendaba, kiongozi wa Wangoni, na watu wake waliondoka kusini kwa sababu ya vita hivyo hivyo vya enzi ya Shaka, wakavuka Zambezi 1835 siku jua lilipopatwa, wakafika mpaka Ufipa. Wangoni walibeba mpangilio huu huu wa rika na pembe hadi kwetu. Nataka ramani ambayo unaanza na watu wachache, na kila kijiji unachokipita kinaongeza vijana kwenye vikosi vyako. Babu zenu waliwasimulia nini kuhusu safari ile? Niandikieni hapo chini, nasoma kila neno, na yatakayofaa yanaingia kwenye ramani.

Faili ya Isandlwana nimeiweka kwenye maelezo ya video. Pakua, chukua upande wa Wazulu, na akiba yako usiisahau pale nyuma. Saa ya dakika 10 inaanza ukibonyeza tu.