Bushi za mbele za gari la zamani la porini: ipi ya kwanza, ipi ya kuacha dukani

Seti kamili ya bushi (pete za kati kwenye viungo vya chuma na chuma) za poliyuretheni, aina ya plastiki inayonyumbuka, zote rangi moja ya kuvutia ndani ya boksi moja, ni rahisi sana kumuuzia mwenye Land Cruiser ya mfululizo wa 80, Nissan Patrol Y60 au Land Rover Discovery ya kwanza. Mimi nisingeinunua nzima. Bushi za mbele hazifanyi kazi moja, na ile inayofaa kwenye panhadi rodi inaweza kuwa mzigo ikiwekwa kwenye redias ami.

Magari hayo, pamoja na Suzuki Jimny iliyotoka 1998, mbele yana ekseli moja inayokwenda kutoka gurudumu hadi gurudumu, juu yake springi za koili. Redias ami, yaani chuma kirefu cha kila upande, huishika ekseli kwa bushi mbili, moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, kisha hurudi nyuma na kufungwa kwenye chasisi. Gurudumu moja likipanda jiwe na jingine likazama shimoni, ami ya kushoto na ya kulia kila moja hutaka kuizungusha ekseli upande wake. Ekseli haisokoteki, kwa hiyo bushi ndizo zinazominyika ili gari lipite. Ukiweka bushi isiyominyika, gurudumu linaning'inia hewani mapema, na nguvu inahamia kwenye mabano (vishikio vya chuma) yaliyochomelewa juu ya ekseli. Mabano yakianza kupasuka, bei ya bushi inakuwa jambo dogo.

Panhadi rodi, chuma kinachokata upana wa gari kutoka ekseli hadi chasisi, ni habari nyingine. Yenyewe inazuia ekseli isiteleze kushoto na kulia, na bushi zake karibu muda wote huzunguka kwa mhimili mmoja tu. Pale ugumu unasaidia: usukani unajibu haraka na gari linatulia.

Kabla ya kutoa hela, hakikisha bushi ndizo mbaya. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake na injini inawaka, mtu mmoja achezeshe usukani kidogo kushoto na kulia, wewe angalia ncha za panhadi rodi kutoka ubavuni, bila kuingia chini ya gari. Ncha ikisogea ndani ya bano, umempata mhalifu wa kwanza. Kwa redias ami, zima injini, ingiza mtaimbo kati ya ami na bano, sukuma, uone raba inavyofunguka. Ufa mdogo wa juu juu si tatizo. Raba iliyoachana na bomba lake, au bomba lililohama katikati, ni tatizo. Usukani ukitetemeka vibaya ukipita kwenye kishimo, angalia pia mpira wa tairi, beringi za swivo (kiungo cha kugeuzia gurudumu) na tai rodi (chuma kinachounganisha magurudumu mawili ya mbele), maana bushi mpya hazitibu hizo.

Ya kwanza: raba ya kiwandani, au ya kampuni inayouzia viwanda

Kwa redias ami, hii ndiyo chaguo langu bila kusita. Bushi ya aina hii ina ganda la chuma nje, bomba la chuma ndani, na raba iliyogandishwa kwenye vyote viwili. Ami inapopanda na kushuka, raba ndiyo inayojipinda, hakuna chuma kinachosugua chuma. Haihitaji grisi, haipigi kelele, na vumbi haliisumbui sana. Udhaifu wake ni mafuta: injini au stelingi inayovuja juu yake itailainisha mpaka ioze. Ziba uvujaji kwanza.

Ukinunua, usidanganywe na boksi peke yake. Bushi "mpya ya zamani" iliyokaa rafu miaka mingi huwa imekauka. Ibonyeze kwa kucha, itazame kwa mwanga ukiikunja kidogo. Bomba la ndani liwe katikati sawasawa, isipokuwa kama bushi ni ya kasta, ambayo nitaifikia.

Ya pili: poliyuretheni, lakini mahali pake

Iweke kwenye panhadi rodi, kwenye stabilaiza (chuma kinachopunguza gari kuinama kwenye kona), na kwenye macho ya shokomzoba. Poli haijagandishwa kwenye bomba. Huzunguka juu yake, na ndiyo maana hulia ikikosa grisi. Tumia grisi ya silikoni inayokuja na seti. Matope yakiingia kati ya poli na bomba, yatasugua kama msasa, kwa hiyo anayevuka mito na tope kila wiki atalazimika kufungua, kusafisha na kupaka upya.

Uliza ugumu kwa kipimo cha Shore A, usiulize rangi. Powerflex, kwa mfano, huuza za zambarau kwa matumizi ya barabarani na nyeusi ngumu zaidi kwa mashindano, lakini rangi hizo kwa kampuni nyingine hazina maana hiyo. Kama lazima uweke poli kwenye redias ami, chagua iliyo laini kabisa katika orodha ya mtengenezaji, na ukubali kuwa ekseli itajipinda juu ya mawe na mashimo kidogo kuliko zamani.

Ya tatu: bushi za kasta, kwa gari lililoinuliwa tu

Ukiinua gari, redias ami huizungusha ekseli na kasta, yaani mwinamo wa kuelekea nyuma wa mhimili wa kugeuzia gurudumu, hupungua. Kanuni ya gereji ni kwamba kila milimita 25 za kuinua hula karibu digrii 1, na magari mengi ya aina hii yalitoka kiwandani na digrii 3 hivi. Inua milimita 50 bila kurekebisha, usukani unakuwa mwepesi wa ajabu, haurudi wenyewe baada ya kona, na gari linatangatanga barabarani.

Bushi ya kasta ina tundu lililohamishwa kutoka katikati. Ikipigwa kinyume, inakunyima kasta badala ya kukurudishia, na utajua ukiwa umeshafunga kila kitu. Soma alama, ichore mstari kwa rangi kwenye ganda na kwenye ami kabla ya kuisukuma. Kumbuka pia kwamba kurudisha kasta kunaielekeza difu ya mbele chini zaidi, hivyo propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye difu hiyo, inaweza kuanza kutetemeka. Kwa kuinua kukubwa kuliko milimita 50, mimi ningetafuta ami zilizotengenezwa kwa urefu huo, maana tundu lililosogezwa sana huacha raba nyembamba mno upande mmoja.

Za kuacha dukani

Raba za bei ya kutupa zisizo na jina wala namba ya spea. Bomba na raba huachana mapema, na kazi ya kuzitoa ni ileile ya kutoa bushi nzuri. Zile jointi za duara za chuma zinazouzwa kwa magari ya mashindano nazo ni nzuri huko mashindanoni. Kwa gari la kila siku huleta kelele na huchakaa haraka kwa vumbi.

Kuzifunga

Jiliwa ya mezani haitoshi kwa redias ami; tafuta preshi ya haidroliki. Weka alama uelekeo wa bushi ya zamani kabla ya kuitoa, hasa kama ina matundu ndani ya raba. Usichome raba kwa tochi ya gesi: moshi wake ni sumu. Itoboe kwa drili pembeni, itoe, kisha kata ganda kwa msumeno wa chuma bila kugusa ami. Safisha tundu mpaka chuma kionekane. Bonyeza ganda la nje tu, kamwe si raba wala bomba. Maji ya sabuni yanatosha kulainisha raba; grisi ya kawaida na oili huila. Bolti zilizolika zibadilishe, na tundu la bano lililokuwa yai lichomelewe kwanza.

Kisha jambo linaloua bushi za raba mpya kuliko lingine lolote: nati zikazwe za mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, baada ya kulitikisatikisa. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, raba inabaki imejisokota kila siku hata gari likiwa limeegeshwa, na itachanika. Poli haina shida hii kwa sababu inazunguka.

Baada ya hapo peleka alaimenti. Kwa ekseli ya aina hii kemba, yaani mwinamo wa gurudumu kwenda ndani au nje, haibadilishwi kwa nati. Fundi atapima kasta na kurekebisha tou (magurudumu kuelekeana au kuachana kwa mbele), kisha atanyoosha usukani kwa dragi linki, chuma kinachotoka boksi la stelingi. Kama gari limeinuliwa, pima ekseli iko katikati ya chasisi. Ikiwa imehama upande, unahitaji panhadi rodi inayorefushwa. Rudia kukaza nati zote baada ya kilomita mia chache.