Uzoefu wangu: blogu ya darasa la Kiswahili kisiwani Lamu

Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa kisiwani, na kwa mwaka mzima wa masomo wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameandika insha zao kwenye blogu ya darasa. Tulitumia WordPress, programu ya kuundia blogu mtandaoni, kwa mpango wake wa bure. Nawaandikia walimu wenzangu wanaojiuliza kama kazi hii inafaa au inawaongezea mzigo tu. Mimi naipa nyota nne kati ya tano, na karibu zote nne nazitoa kwa jambo moja: imewafundisha wanafunzi kurekebisha walichoandika.

Mwalimu wa lugha anayajua mambo ya daftari. Unakusanya, unasahihisha usiku kwa kalamu nyekundu, asubuhi unarudisha. Mwanafunzi anatazama alama, analinganisha na ya jirani yake, basi, daftari limefungwa. Maelezo uliyoyaandika pembeni hayasomi. Kwenye blogu insha haijaisha mpaka imetoka, na haitoki mpaka mimi niidhinishe.

Hili linawezekana kwa sababu WordPress ina ngazi za watumiaji. Kila mwanafunzi nilimsajili kuwa mchangiaji. Mchangiaji anaandika rasimu na kuiwasilisha ikaguliwe, lakini hawezi kuichapisha mwenyewe, wala hawezi kupandisha picha. Picha zote zilipita mikononi mwangu, nami nilipendelea iwe hivyo, kwa sababu nitakayoieleza hapa chini.

Kilichonivutia zaidi ni kumbukumbu ya matoleo. Kazi inapohifadhiwa, lile toleo la awali halipotei. Unaweza kuweka la juzi na la leo sambamba, kilichofutwa kikaonekana kwa rangi nyekundu na kilichoongezwa kwa kijani. Nilikuwa nawaita wakae kuzunguka kompyuta, tuyasome matoleo mawili ya mwenzao kwa idhini yake. Msichana mmoja alianza hivi: "Punda ni mnyama muhimu sana katika jamii yetu." Nilimuuliza, muhimu kwa nani? Toleo la tatu likafungua hivi: "Mchanga wa nyumba inayojengwa mtaani Langoni ulikuja kwa punda, mfuko baada ya mfuko, kwa sababu kichochoro chetu hakipitishi kitu kingine." Darasa zima liliona ile sentensi ya kwanza ikiwa nyekundu yote, na halikuhitaji somo langu juu ya utangulizi mzuri. Sijawahi kupata chombo cha kufundishia uandishi kinachoonyesha kazi ya kufikiri waziwazi namna hiyo.

Jambo la pili ni msomaji. Kijana wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi hapa kisiwani, aliandika juu ya ujenzi wa jahazi, kutoka kulaza mkuku, ule mti wa chini kabisa, hadi siku ya kulishusha majini. Lugha yake ilikuwa safi nami nikaidhinisha. Baada ya siku chache fundi mmoja wa huko huko, aliyesomewa na mjukuu wake, akatuma maoni: "Mwanangu, jahazi lako litazama. Hukusema mianya ya mbao umeiziba kwa kitu gani." Yule kijana alirudi Matondoni, akakaa na mafundi, akaongeza aya nzima juu ya kalafati: pamba inavyosokotwa, inavyotiwa mafuta, inavyopigwa ndani ya mwanya kwa patasi na nyundo. Mimi nisingeweza kumsahihisha hapo, maana sijui kujenga jahazi. Ni msomaji anayejua ndiye aliyemrudisha kazini, na alirudi bila kusukumwa.

Maoni yote, lakini, yazuieni mpaka myapitishe. Mpangilio huo upo, na kwa blogu ya watoto msiuache.

Suala la wazazi nililipa uzito kabla ya neno la kwanza kuandikwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na hata isingekuwa sheria, Lamu huwezi kumtoa binti ya mtu hadharani bila kubisha hodi kwao. Nilipeleka barua, na kwa wengine nilikwenda mwenyewe. Mama mmoja aliniambia: "Mwalimu, maneno yake watu wayasome, hilo sina neno. Sura yake sitaki." Tukakubaliana kwa darasa zima: hakuna sura, hakuna jina kamili. Kila mmoja alijichagulia lakabu, kama walivyofanya malenga wa mwambao tangu zamani, na wengi walizipenda lakabu zao kuliko majina yao.

Nyota moja nimeizuia kwa mambo ambayo mengi hayatokani na programu yenyewe. Kompyuta za shule hazitoshi, na hewa yetu ya chumvi haihurumii vyuma. Simu wanafunzi hawaruhusiwi kuwa nazo shuleni. Intaneti ikikatika, bando linatoka mfukoni mwa mwalimu. Kwa hiyo rasimu ya kwanza tuliandika daftarini, kompyuta ikabaki ya kuchapa na kurekebisha. Kuna pia ule mstari mwekundu ambao kivinjari huchora chini ya karibu kila neno la Kiswahili. Wanafunzi wakaanza kuyatilia shaka maneno yaliyo sahihi kabisa. Zimeni kikagua tahajia kabla ya kipindi cha kwanza. Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, niliruhusu katika mashairi na mazungumzo ya wahusika, masimulizi yakabaki ya sanifu.

Mkuu wa idara aliniuliza kuhusu KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na swali lake ni la haki. Karatasi ya Kwanza inataka insha mbili kwa saa moja na dakika 45, kwa mkono. Hakuna toleo la tatu pale. Blogu haifundishi kuandika kwa haraka, kwa hivyo kila wiki tuliandika pia insha moja ya kupimiwa saa. Nilichokiona katika insha hizo ni kuwa zile sentensi za kujaza ukurasa zilipungua, maana walikuwa wamezoea kuziona zikifutwa.

Kwa atakayeanza muhula ujao: msianze na darasa zima. Chukueni kikundi kidogo chenye hamu, mzoee kazi ya kuidhinisha, maana inakula muda wenu wa jioni. Na mwaka ukiisha, pakueni nakala ya blogu yote mumpe kila mwanafunzi maandishi yake, kisha muwaulize wazazi tena ni yapi yabaki mtandaoni na ni yapi yaondolewe.