Video Days (1991): niliingia kumtafuta Jason Lee wa Earl

Mi Jason Lee nilimjulia kwenye tamthilia ya TV ya My Name Is Earl, yule mwizi mwenye masharubu anayeshinda bahati nasibu dola 100,000 halafu anaandika orodha ya mabaya yake 259 ili ayasafishe moja moja. Sasa nilivyojua kumbe jamaa alikuwa anacheza skeitibodi (ule ubao wa magurudumu) kwa kulipwa kule California kabla hajagusa filamu, nikasema lazima niicheki hii video, na aisee, haina hata nusu saa lakini nimeirudia mara nne.

Ni video ya kampuni ya skeitibodi ya Blind, wapo vijana watano: Mark Gonzales, Guy Mariano ambaye alikuwa bado mtoto kabisa, Rudy Johnson, Jordan Richter na Jason Lee. Aliyeitengeneza ni Spike Jonze, huyohuyo aliyekuja kuchukua Oscar kwa kuandika Her. Usitegemee picha safi, ni za zama za kanda za VHS. Kipande cha Richter ni cha rampu na mi nilikiruka, ladha yangu ni skeitibodi ya mtaani.

Kipande cha Lee sasa! Triki yake ni ile flipu ya 360, ubao unajizungusha duara zima huku unajipindua chini ya miguu, wenzake wengi wakiipiga unaona kabisa wanahangaika, yeye anaudaka ubao kwa miguu na kuondoka mabega yamelegea kama vile anatembea tu. Hapo ndo nikamwona Earl. Ule ulegevu wake kwenye kamera, kutokuonyesha kwamba anajitahidi, alikuwa nao tayari miaka 14 kabla ya Earl kuanza, na ndo maana mi sikubali wanaosema alibahatisha kuigiza. Hata mwishoni mwa video wanaigiza kidogo, gari linatumbukia gengeni wanajifanya wamekufa.

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. 1992 akaanzisha kampuni ya skeitibodi ya Stereo na mcheza skeitibodi mwenzake Chris Pastras, 1995 mwongozaji Kevin Smith akampa nafasi kubwa kwenye filamu ya Mallrats, 1997 filamu ya Chasing Amy ikampa tuzo ya Independent Spirit, halafu sauti ya yule adui Syndrome kwenye katuni ya The Incredibles 2004, na Earl yenyewe 2005 hadi 2009 iliyomfanya ateuliwe tuzo ya Golden Globe mara mbili. Earl ilikatwa bila kumalizika, na orodha haikuisha, hilo bado linaniuma. Ila Stereo hakuitupa, ilipokuwa imelala wakaifufua yeye na Pastras wakati tayari ni staa, na mtu wa hivyo mi namheshimu sana.

Nyota 5 kati ya 5 hata kama hujawahi kupanda skeitibodi maishani. Anza na kipande cha Lee, halafu urudi mwanzo uangalie yote, na cha Gonzales usikiruke.