Formiumu au dianela: upi upandwe bustanini?

Formiumu ni mmea wa New Zealand ambao Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wametumia nyuzi zake kwa karne nyingi kutengenezea kamba na nguo, na majani yake, katika spishi kubwa, hufikia mita 3. Dianela ya Tasmania na kusini-mashariki mwa Australia kwa kawaida haizidi mita 1 au zaidi kidogo, kwa hiyo penye nafasi finyu ndiyo inayofaa.

Kwa rangi, formiumu chotara zenye mistari ya waridi, shaba na manjano hazina mpinzani, lakini uzuri huo hudai uangalizi: baadhi ya machipukizi hurudia ukijani mtupu na, kwa kuwa yana nguvu zaidi, yasipokatwa tangu shinani hukimeza kichaka kizima. Dianela yenye mistari myeupe huvumilia kivuli chepesi, na maua yake ya buluu hufuatwa na matunda ya zambarau yanayong'aa, ambayo binafsi nayapenda kuliko jani lolote, ingawa watoto wazuiwe kuyala.

Mimea yote miwili huongezwa kwa kugawa mashina, hivyo gharama ni ndogo. Mwenye uwanja wazi unaopigwa na upepo wa chumvi achague formiumu; mwenye kipande cha ardhi chini ya miti, dianela.