Pingili za kati za GMT-Master II: kutoka mng'ao wa kioo hadi mistari laini

Kwa wenye haraka, jibu ni hili: kama una Rolex GMT-Master II ya chuma, ile 116710LN yenye mkanda wa Oyster, na unaivaa kila siku, zipeleke pingili za kati (vipande vya katikati vinavyounda mkanda) zikasuguliwe ziwe na mistari kama za pembeni. Mimi nimeshafanya hapa Maskati, kwa fundi saa wa Ruwi. Nimelipa rial 18 na nimeridhika kabisa.

Kwa asiyeijua, saa hii ilitoka mwaka 2007 na ikasitishwa 2019. Ina bezeli, yaani pete inayozunguka uso wa saa, nyeusi ya seramiki na mshale wa ziada wa kijani unaozunguka mara moja kwa saa 24. Kwa sisi wa kwenda na kurudi Unguja ni raha tupu, kwani mshale wa saa unaurudisha nyuma hatua moja tu bila kugusa dakika. Kasoro yake, kwa macho yangu, ni mkanda. Una safu tatu za pingili. Za pembeni zimesuguliwa kwa mistari laini inayofuata urefu wa mkanda, hazimeti. Ya kati imeng'arishwa ukaweza kujitazama. Submariner na Explorer II, saa nyingine za Rolex za zama hizohizo, mikanda yao ni ya mistari mwanzo hadi mwisho, tena tangu kiwandani. Kwa hiyo anayesema kuifanya hivi GMT ni kuiharibu, mimi simwelewi. Ni sura ya Rolex wenyewe.

Shida ya mng'ao ni kwamba hauna mahali pa kuficha kitu. Uso unaong'aa kama kioo unarudisha mwanga upande mmoja, basi ukikwaruzwa hata uzi mmoja, uzi ule unatawanya mwanga na jicho linaukimbilia. Uso wa mistari umeshatawanya mwanga wote, kwa hiyo mkwaruzo mdogo unaingia kundini na kupotea. Chuma ni kilekile, 904L, aina ya chuma cha pua wanachotumia Rolex, hakikuwa kigumu zaidi wala laini zaidi. Kilichobadilika ni unachokiona. Na mkanda unagusa kila kitu: ukingo wa meza, kompyuta, mlango wa gari, mkono wa kiti. Yangu ilikuwa imejaa utando wa nyuzi kwenye safu ya kati, wakati pembeni ungesema imetoka dukani jana.

Wengine husema ipigwe polishi tu irudi kama mpya. Itarudi, lakini polishi ni kula chuma. Ukipeleka kwenye gurudumu la kitambaa kila mikwaruzo ikirudi, kona zinaanza kulegea na kuwa za mviringo, na mkanda wa Oyster uzuri wake wote uko kwenye kona kali. Kusugua mistari kunakula kidogo sana, na hakuhitaji kurudiwa kila mara.

Nilimwambia fundi, "Ami, nataka kingo zibaki kama zilivyo." Akanijibu, "Mwanangu, ukiona nimewasha mashine, chukua saa yako uondoke." Hapo nikatulia.

Alivyofanya: aliutoa mkanda kwenye kasha kwanza. Hili msikubali liachwe, maana anayesugua mkanda ukiwa kwenye saa atateleza tu siku moja agonge masikio ya kasha, yale yanayoshika mkanda. Akauosha kwa sabuni, akaukausha, kisha akafunika safu za pembeni kwa utepe, akiubonyeza kwa ukucha hadi ukae sawa na ukingo wa kila pingili. Kazi hii ya utepe ilichukua muda kuliko kusugua kwenyewe. Palipokuwa na mikwaruzo ya kina alipitisha msasa laini wa maji kwanza, kwa sababu mistari haifuti shimo. Halafu akaunyoosha mkanda juu ya kipande cha mbao, akachukua pedi ya kusugulia ya Scotch-Brite, ya rangi ya maruni, akaivuta kwa kufuata urefu wa mkanda. Mvuto mrefu, upande mmoja, bila kurudi nyuma, bila kuzungusha. Ukirudisha mkono katikati ya njia, alama ya kusimama inabaki pale na inaonekana.

Watu wengi husahau vipande viwili. Kwanza ni pingili za mwisho zinazokaa kwenye kasha, nazo katikati zinameta. Ukiziacha, saa inakuwa na madoa mawili ya kioo juu na chini. Pili ni kifungio, chenye ukanda wake wa kung'aa katikati. Hapo ndipo nilipokuwa na lalamiko. Mistari ya kifungio ilitoka imekwenda upande kidogo, ukikunja mkono unaona haiungani na ya mkanda. Nilimwonyesha chini ya taa, akatazama kwa lenzi yake, akakubali, akairudia palepale nikingoja. Sasa iko sawa.

Mwisho aliuingiza mkanda kwenye mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti. Msimruhusu fundi aruke hatua hii, kwani chembe za pedi zikibaki kati ya pingili zitafanya kazi ya msasa ndani, kwenye pini, kila unapokunja mkono.

Matokeo? Saa imekuwa tulivu. Imepungua urembo, imekuwa saa ya kazi, na chini ya mkono wa kanzu haipigi kelele. Bezeli ile nyeusi sasa ndiyo inayometa peke yake na inapendeza zaidi. Jua la hapa likiupiga mkanda, unatoa mwanga wa kijivu mwororo badala ya kumulika macho ya watu.

Kwa nani sishauri? Mwenye saa mpya iliyo ndani ya dhamana ya miaka 5, asubiri. Mwenye mkanda wa chuma na dhahabu, safu ya kati ikiwa ni dhahabu, aache kabisa, pale ni madini ya thamani unayoyapunguza. Na anayefikiria kuuza karibuni ajue kwamba wapo wanunuzi wanaotaka saa kama ilivyotoka kiwandani, ingawa anayetaka mng'ao wake anaweza kuurudisha kwa polishi.

Halafu siku mkiipeleka kituo cha Rolex kwa huduma kubwa, waambieni tangu mapokezi, na iandikwe kwenye karatasi, kwamba kasha na mkanda visiguswe. Kawaida yao ni kurudisha kila kitu kama kiwandani, na mtarudishiwa mng'ao uleule wa kioo.