Mashiko kwa mfinyanzi Hamada, na kikombe nilichorudi nacho

Huu ni mwaka wangu wa tatu Tokyo, na kila mgeni anayekuja hutaka apelekwe kwenye maghorofa. Mdogo wangu alipokuja nikamwambia safari hii tunakwenda Mashiko, mkoa wa Tochigi, kama kilomita 100 kaskazini. "Dada, basi lote hili kwenda kutazama vyungu?" Nikamlipia nauli ili anyamaze.

Hamada Shoji alifariki mwaka 1978, kwa hiyo unachokwenda kukiona ni makazi yake, ambayo sasa ni makumbusho ya Mashiko Sankokan, aliyoyafungulia watu mwaka mmoja kabla ya kufa. Alikuwa akinunua nyumba za kale za wakulima, zinafunguliwa mbao kwa mbao na kusimamishwa upya kwenye kiwanja chake. Paa za nyasi zina unene unaoshinda godoro langu.

Niwatahadharishe mapema: ukitarajia vyumba tele vya kazi za Hamada mwenyewe, utanung'unika kama alivyonung'unika mdogo wangu. Vitu vingi mle ni vya mikono ya watu wengine. Vyungu vya Korea na China, sahani za Uingereza, viti vya mbao, vitambaa. Mzee alikuwa akikutana na kitu akakiri moyoni kwamba kimemshinda, basi anakinunua na kukipeleka nyumbani akitazame. Sankokan maana yake ni nyumba ya kurejelea, na aliifungua ili na wengine warejelee walichomfundisha hao waliomshinda. Na huyu si mtu mdogo: mwaka 1955 serikali ya Japani ilimtangaza Hazina Hai ya Taifa, heshima wanayopewa mabingwa wa sanaa za jadi. Mimi kwa hilo tu nilikuwa nimeridhika na nauli yangu na ya mdogo wangu.

Karakana yake ipo palepale. Gurudumu liko chini, karibu na sakafu. Alikuwa anakaa amekunja miguu, analizungusha kwa kijiti, anafinyanga. Alisomea mambo haya chuoni Tokyo, akaenda St Ives, Uingereza, mwaka 1920 na rafiki yake Bernard Leach, mfinyanzi Mwingereza, wakajenga tanuri kule. Aliporudi angeweza kukaa mjini. Akachagua Mashiko, kijiji kilichokuwa kinatengeneza mitungi ya maji na vyombo vya jikoni vya Tokyo, kwa udongo wenye mchanga usiokubali kuvutwa ukawa mwembamba. Ndiyo maana vyombo vya kule ni vizito. Ukitaka kikombe chepesi kama karatasi, Mashiko hapakufai.

Nyuma kuna tanuri la kupanda mlima, vyumba 8 vimefuatana kwenye mteremko kama ngazi, moto unaanzia chini unapanda. Tetemeko la Machi 2011 lililiangusha. Likajengwa upya, na mwaka 2015 wafinyanzi wa eneo lile wakaliwasha tena.

Sahani zake kubwa alizipamba kwa kumwaga rangi na upawa, mkono unapita mara moja, basi. Kuna mgeni aliwahi kumuuliza mbona bei kubwa kwa kazi ya sekunde 15. Akamjibu aongeze na miaka 60 ya kujifunza.

Sasa kikombe. Nilikinunua mtaani, kazi ya mfinyanzi wa leo, kimepakwa rangi ya kaki. Si kaki ya kaptura za shule jamani, kaki ni tunda la Kijapani. Rangi yenyewe wanaipata kwa kusaga jiwe la palepale Mashiko. Ikitoka motoni inakuwa nyekundu ya kutu, na pale ukingoni ilipokimbia inabaki nyeusi. Hakina mkono, unakishika kwa viganja viwili. Chai haipoi upesi. Kasoro yake ni kitako: hakikupakwa rangi, kinakwaruza kama msasa, na meza ya mwenye nyumba wangu tayari ina alama. Weka kitambaa.

Kwenye duka moja muuzaji alinitolea sahani akiapa ni ya Hamada, bei ya kukopa benki. Nikamuuliza sanduku liko wapi, akaanza kupangusa vumbi. Hamada hakuwa akitia sahihi kwenye vyombo vyake. Jina aliliandika kwenye sanduku la mbao. Basi aliyekataa kuandika jina kwenye chungu, leo watu wanalipia mbao aliyoiandika! Nikaaga.

Jumatatu wanafunga. Maelezo mengi ni ya Kijapani, beba simu yenye chaji ya kutafsiri.

Mdogo wangu, yule wa "vyungu", amerudi Mbeya na kikombe changu ndani ya soksi. Amenitumia picha ameweka uji.